Mwezi wa Pembe Chini

Kasha lilipofunguliwa, kwanza ilitoka harufu: kafuri, shaba iliyosuguliwa kwa ndimu na majivu, na karafuu kavu ambazo baba alizitia kwenye kifuko cha kitambaa ili ukungu usiote kwenye vioo. Ndani yake ililala darubini, bomba refu la shaba lenye urefu wa kunishinda mimi niliyekuwa na miaka tisa. Haikuwa yetu. Baba alikuwa fundi saa, na kijiduka chake kilikuwa mtaa wa pili kutoka nyumbani kwetu Mji Mkongwe. Mwenye darubini alimletea amtengenezee parafujo iliyokatika, kisha Mapinduzi yakaja, yule bwana akaondoka na watu wake wote, wala hakurudi kuichukua. Baba alisema kuwa ni amana, na kwamba amana ya chombo haitunzwi kwa kufungiwa, kwa sababu chombo kisichofanya kazi hushika kutu. Mama alisema hiyo ilikuwa fatwa aliyojitolea mwenyewe. Hata hivyo kila ilipokuwa ikipandishwa darini, yaani juu kabisa kwenye sakafu ya wazi, mama ndiye aliyeishika miguu yake mitatu, na baba akabeba bomba kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala.

Msimu ninaoukumbuka ulikuwa wa vuli, miaka sita au saba baada ya Mapinduzi, na karibu wote ulipita katika kujifunza namna ya kuisimamisha. Nimeona watu wazima wakinunua vyombo vya bei kubwa kisha wakavichoka kwa wiki moja, na sababu huwa ni kwamba hawakuwa na mtu wa kuwatesa kama baba alivyonitesa mimi. Miguu ilikaa pembeni, pale ambapo sakafu imelalia ukuta, kwa kuwa nyumba zetu zilijengwa kwa boriti za mikoko, na katikati ya sakafu hutikisika hata akipita paka. Jiko letu lilikuwa huko huko juu, na mama alipotwanga bizari kwenye kinu, Mshitarii, ile sayari kubwa, na vimwezi vyake vyote vilicheza ngoma ndani ya kioo. Baba alikuwa akimwomba asubiri kidogo, naye akamjibu kuwa Mshitarii hajaja kula. Kioo kikubwa cha mbele hakikufutwa kwa shati wala kupuliziwa kwa mdomo. Kilipulizwa kwanza kwa kijipira cha fundi saa mpaka vumbi na chumvi ya bahari vitoke, na kama hapana budi ndipo kikaguswa kwa kipande cha kanga kilichofuliwa mpaka kikasahau maua yake. Lenzi ya jichoni ilikuwa dhaifu kwanza, ile yenye nguvu baadaye, kwa sababu anayeanza na yenye nguvu hupotea mbinguni asijue alipo. Pole pole ndio mwendo, alikuwa akisema, na alikuwa akiisema polepole mno hata nikatamani kumtoroka.

Kanuni mbili zilikuwa za lazima. Ya kwanza ilihusu jua. Wakati wa kutafuta mwezi mwandamo darubini huelekezwa pale pale jua linapozamia, na jua likiingia kwenye kioo kile hulichoma jicho mara moja. Kwa hiyo hakuna aliyeinama kuangalia mpaka mwadhini amalize kuadhini magharibi. Kanuni ya pili ilihusu ulimi. Ile ilikuwa darubini ya nyota, si ya manahodha, na ndani yake kila kitu kilionekana kichwa chini: minara ilining'inia, na mwezi ulilala kifudifudi. Nikiangalia, baba alinitaka nimwambie nilichokiona, si ninachokijua. Nikisema mnara umesimama wima alinirudisha kwenye lenzi. "Sema ulichokiona, Rukia," alikuwa akiniambia. "Kukigeuza kuwa sawa ni kazi ya baadaye."

Ubavuni mwa bomba kulikuwa na kijibomba cha kulengea, na hicho ndicho kilichotuletea balaa. Kijibomba na bomba vinatakiwa vitazame mahali pamoja, na namna ya kuvilinganisha ni kuchagua kitu cha mbali, mchana kweupe, kisichokwenda. Baba alichagua bomba la moshi la meli iliyotia nanga bandarini. Alikaa darini alasiri nzima akikaza parafujo na kulegeza, akitazama meli. Siku ya pili alikuja bwana mmoja wa mtaani, mtu mwenye kauli ambaye watu walikuwa wakipunguza sauti anapopita. Alikunywa kahawa yetu yote kwa utulivu, akaulizia saa yake iliyokuwa dukani, kisha akasema kwamba kuna watu wameona bomba juu ya nyumba hii linaelekezwa kwenye meli, na kwamba yeye binafsi angependa asilisikie tena. Hakutisha wala hakupandisha sauti. Baba alisema, "Inshallah hutalisikia." Mama alikaa jikoni muda mrefu baada ya mgeni kuondoka, na mimi nikaambiwa kwamba nikiulizwa na mtu yeyote, nyumbani kwetu hakuna darubini. Wakati ule kulikuwa na akina baba waliochukuliwa kwa kauli ndogo kuliko ile, na mtoto wa miaka tisa alilijua hilo kama alivyojua njia ya kwenda chuo cha Kurani.

Kasha lilikaa chini ya kitanda mpaka mwezi ishirini na tisa Ramadhani. Mawingu ya vuli yalikuwa yametanda tangu adhuhuri, na mtaa mzima ulikuwa ukiulizana kama kesho ni sikukuu au ni kukamilisha thelathini. Baba hakuweza kujizuia. Nadhani kwa fundi ni vigumu kuwa na chombo kinachoweza kujibu swali la watu wote, kisha kukilaza chini ya kitanda. Aliisimamisha nyuma ya kanga za mama zilizoanikwa, akaacha uwazi mdogo upande wa magharibi. Mwadhini akaadhini, tukafungua kwa tende. Baba aliangalia, akaona mawingu tu, akanipisha akaenda kuchukua maji. Mimi nikaweka jicho. Wingu likapasuka, na kwenye upenyo ule nikaona uzi mwembamba mweupe, uliopinda, pembe zake mbili zimeelekea chini. Nilihesabu pumzi tatu, kisha wingu likafunga. Baba aliporudi na kukuta mawingu alinitazama usoni, akajua kuwa nimeona. Lakini mimi sikungoja neno lake. Nilikwishafika ngazini.

Nje, kwenye baraza ya msikiti, wanaume walikuwa wamekaa wakisubiri habari. Mwalimu wetu wa chuoni, Maalim Khatibu, alikuwapo, na yule bwana mwenye kauli alikuwapo pia. Nilisema kwamba mwezi umeandama na kwamba nimeuona kwa macho yangu. Watu walinyanyuka. Maalim alinisogelea, akaniuliza nimeuona wapi, nikamwambia darini. Akaniuliza upande gani, nikamwonyesha sawasawa, naye akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Baba akafika mbio, kanzu mkononi. Ndipo Maalim akaniuliza swali ambalo kila shahidi wa mwezi huulizwa:

"Pembe zake zilikuwa zimeelekea wapi?"

Nilisema nilichokiona. Nilisema chini.

Kicheko kilianza kwa mmoja kikaenea. Hapa kwetu mwezi mwandamo hukaa kama kikombe, pembe zikielekea juu, na hata kipofu analijua hilo. Njia ya mwongo ni fupi, mmoja alisema, na yangu haikufika hata dakika mbili. Nilimgeukia baba. Yeye peke yake barazani pale alijua kwa nini zilikuwa chini, na nilikuwa na hakika kwamba atasema. Maalim naye akamgeukia.

"Fundi, wewe umeuona?"

"Mimi sikuuona, Maalim," baba alisema. Kisha akamtupia jicho yule bwana, akacheka kidogo. "Watoto hawa. Nguo mpya zimewapanda kichwani."

Akanishika mkono tukarudi nyumbani. Ni kweli kwamba neno la mtoto mmoja lisingemfungulisha mtu saumu, na Maalim hakukosea kitu. Wala watu hawakudhurika kwa kufunga siku moja zaidi. Jioni ya pili mwezi ulionekana na kila mtu, mkubwa na uko juu, na yule yule aliyenitolea methali akasema kwamba huu ni wa siku mbili. Hakuna aliyenitazama. Mimi nilibaki na jina la Pembe Chini, nikaitwa hivyo chuoni na skuli mpaka nilipokuwa msichana mkubwa, na ulipotokea ugomvi wa wasichana sikuulizwa nani alianza. Iliniuma sana. Kuitwa mwongo na mtaa niliweza kuzoea. Nilichoshindwa ni kule kucheka kwa baba.

Asubuhi ya sikukuu baba alirudi kutoka kusali, akanikuta nimevaa nguo mpya nisiyoitaka. Siku hiyo ndiyo watoto huwaomba wazazi radhi. Nilipoinama kumbusu mkono aliuvuta.

"Uliuona," alisema. "Niwie radhi, mwanangu."

Nilijibu nimekuwia, kwa kuwa mtoto wa Kiunguja hana jibu jingine kwa mzazi. Radhi ile ilikuwa ya mdomoni tu, na baba alikuwa fundi, hakukosa kuisikia kuwa imelegea. Darubini haikupandishwa darini tena. Baadaye iliuzwa kwa wanunuzi wa shaba, na baba alifariki miaka mingi baadaye bila ya sisi wawili kulitaja jambo lile.

Kuishi kwingi ni kuona mengi. Mwaka jana nilipita Forodhani na wajukuu, baada ya magharibi, nikamkuta kijana mmoja amesimamisha darubini ukingoni, imeelekezwa baharini, juu ya meli zote. Watu walikuwa kwenye foleni, na mwezi ulikuwa mchanga. Miguu ya chombo chake ilikuwa imekaa vibaya, nikamwambia, naye akashukuru akairekebisha. Zamu yangu ilipofika aliniamkia, kisha akasema kwa sauti ya kusikiwa na foleni nzima: "Usishangae, Bi, humu mwezi unaonekana kichwa chini." Hakuwa na habari kwamba kuna kitu amesema. Hakugeuka kuangalia nyuma yake nani yupo. Yalikuwa maneno mepesi kiasi kile, na baba yangu alikuwa nayo tayari ulimini jioni ile, akayameza, ili sikukuu ikifika nami nipate baba wa kumbusu mkono. Nilimwia radhi pale pale, nimeinama, jicho kwenye lenzi, na wajukuu nyuma yangu wakinihimiza niwapishe.