Giza Mahali pa Ayeeyo

Mwezi uliopita, katika harusi moja hapa Garissa, nilikokuwa nikipiga picha, niliongeza kasi ya pazia la kamera kupita kiasi huku nikitumia flashi. Picha ikatoka nyeusi tii upande wa chini. Nikamkumbuka Dekow.

Dekow alikuwa mpigapicha wa mtaa wetu kule Elwak. Alitupiga picha sebuleni, ayeeyo, bibi yangu, akiwa ameketi mkekani mbele yetu. Alasiri alipoileta picha hiyo, nyumba ilinukia uvumba wa uunsi na chai ya iliki. Sote tulionekana, isipokuwa ayeeyo. Mahali pake palikuwa giza.

"Ni huyu msichana yako," Dekow alimwambia mama. "Alisimama mbele ya taa."

Nilichapwa. Niliamini kweli kwamba kivuli changu kilimmeza bibi. Alipofariki kabla ya mvua, bila picha nyingine, nililia kama niliyemuua.

Kumbe pazia la kamera, lile linalopitisha mwanga ndani, likikimbia mno, flashi huwaka huku sehemu ya picha imeshafunikwa. Kosa lilikuwa la mkono wa Dekow.

Nilisafiri hadi Elwak. Nilimkuta dukani, amezeeka, wateja wamemzunguka. Niliweka picha yangu ya harusi na ile yake ya sebuleni mezani, mbele ya wote.

"Dekow, nani alimficha ayeeyo?"

Alipitisha kidole juu ya giza la picha zote mbili.

"Nilijua siku ile ile," alisema polepole. "Niliogopa mama yako."

Nilimpigia mama, nikaisogeza simu hadi mdomoni mwa Dekow.

"Rudia," nikamwambia.