Koti la Kuazima

Mwaka juzi mzee mmoja alinipata kwenye kibanda changu cha viazi pale Gatitu, akaniuliza jina langu la ubatizo.

Si jina la nyumbani. La ubatizo.

Nilipomwambia, alicheka mpaka kikohozi kikamshika, akashikilia nguzo ya kibanda asianguke. Nikadhani ni pombe. Kumbe alikuwa na akili zake timamu, na siku hiyo sikuuza tena kitu.

Alikaa juu ya gunia akanipa habari hii tangu mwanzo. Naiweka hapa kama alivyonipa. Kwa nini alinitafuta mimi, utajua mbele. Usiwe na haraka.

Turudi nyuma, miaka michache baada ya uhuru.

Mzee huyo anaitwa Moffat. Wakati huo alikuwa kijana asiye na kazi, anaishi na mama yake, Watiri, katika mji mmoja wa chini ya mlima. Mji wenyewe sitautaja, watu wa huko wanasoma.

Mji haukuwa na sinema. Ulikuwa na korti.

Kila asubuhi watu wasio na shughuli walijaza mabenchi kusikiliza kesi za wenzao. Kuingia ni bure, ndani hakuna upepo, na haipiti siku bila mtu kuumbuka. Leo mwizi wa ng'ombe, kesho bwana aliyemng'oa mkewe meno. Kila msikilizaji alikuwa na mahali pake, na ukikalia pa mwenzako mngeweza kugombana mpaka nanyi mkaishia kizimbani.

Moffat ndiye aliyekuwa mfalme wa mabenchi. Tabia za hakimu alikuwa amezisoma zote. Akichezea kalamu, kuna matumaini. Akivua miwani, mshtakiwa huyo ameenda na maji.

Lakini sifa yake hasa ilikuwa kuigiza. Korti ikifungwa alikwenda hotelini, akasimama kati ya meza na kurudia vilio vya washtakiwa, watu wakamnunulia chai na mandazi. Kilichopendwa kuliko vyote kilikuwa kilio cha waliokamatwa na nguo za wizi. Maana hao wote walisema neno moja.

"Mheshimiwa, hii koti si yangu. Niliazima tu."

Moffat alilisema kwa sauti nyembamba, mikono nyuma, midomo ikitetemeka. Hoteli nzima ilishika mbavu. Karani wa kutafsiri, mtu mkavu asiyecheka hata harusini, siku moja alimwaga chai yake.

Hakuna mshtakiwa hata mmoja aliyewahi kuaminiwa kwa maneno hayo. Moffat alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

Kwenye benchi alikaa na rafiki yake Wamae. Wamae alikuwa na mke, Kagure, na mtoto mchanga aliyeitwa Kahiga. Kwa hiyo Moffat alimwita huyo mke Mama Kahiga, na alikula kwake kuliko alivyokula kwao.

Wamae pia alikuwa na koti. Zito, la kahawia, la kijeshi, alilopewa na mzungu mmoja aliyeuza shamba akarudi kwao. Kifungo kimoja kilipopotea, Mama Kahiga alishona kingine, cheupe, kwa uzi mwekundu. Moffat alikuwa palepale anakula githeri ya mahindi na maharagwe, akamtania kwamba sasa koti limepata jicho.

Kishike hicho kifungo.

Julai hiyo baridi ilishuka kutoka mlimani ikakataa kuondoka. Moffat alikuwa na kikohozi cha kukata mbavu. Ijumaa moja asubuhi Wamae alikuja kwao, akavua koti na kumvika kwa mikono yake mwenyewe.

"Kaa na hii. Kifua yako itakuua bure," alisema. "Utanirudishia jua ikitoka."

Moffat alikaribia kutoa machozi. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kumjali hivyo, mbali na mama yake.

Wiki hiyohiyo mji wote ulikuwa na habari moja tu: Peris. Peris alikuwa Mmeru, mjane, mwenye duka karibu na stendi. Jumatatu jioni akifunga mlango, mtu alimvamia kwa panga. Aliinua mkono kujikinga, panga likachukua vidole viwili. Mtu huyo akabeba redio na mablanketi mapya, akamruka kama anaruka mtaro, akaenda.

Polisi walimkamata Kiambi, mchukuzi wa mizigo, kwa sababu alionekana akikimbia upande huo. Kwani mchukuzi hukimbia kwa nini tena?

Kesi ya Kiambi Moffat hakuikosa hata siku moja. Alikaa benchi la mbele, karibu na dirisha, kola ya koti juu kama bwana mkubwa. Alikuwa ameshajifunza namna Kiambi anavyojikuna shingo akiulizwa swali, na hotelini watu walikuwa wakilia kwa kicheko.

Ikafika siku ya Peris kutoa ushahidi. Korti ilijaa mpaka nje. Moffat alimwekea Wamae nafasi kama kawaida, lakini Wamae alikwenda kukaa benchi la mwisho, karibu na mlango. Moffat alipompungia mkono, Wamae aliangalia viatu vyake.

Kiongozi wa mashtaka akamuuliza Peris kama mtu aliyemkata yumo humu ndani.

Peris alimtazama Kiambi kizimbani, akatikisa kichwa. Kisha macho yake yakaanza kutembea, benchi moja baada ya jingine, bila haraka. Yakasimama. Akainua mkono ule ule uliokatwa, ungali na bendeji, akaunyosha kuelekea dirishani.

"Ni huyo," alisema. "Uso sikuona vizuri, giza ilikuwa imeanza kuingia. Lakini hiyo kifungo nyeupe niliiangalia wakati ananikata."

Moffat aligeuka nyuma aone ni nani anayeonyeshwa.

Alipogeuka tena mbele, waliokaa naye walikuwa wameshahama benchi. Amebaki peke yake, yeye na koti, na askari wawili wanakuja.

Kiambi akaachiliwa. Kizimba kile kile, Moffat akaingia.

Siku ya kujitetea aliulizwa koti limetoka wapi. Miezi kadhaa rumande alikuwa amelitafuta jibu la maana. Alilitafuta usiku na mchana, na hakulipata, kwa sababu ukweli ulikuwa ni ule mmoja tu. Akaweka mikono nyuma, maana ndivyo askari walivyomwamuru. Midomo ikaanza kutetemeka yenyewe.

"Mheshimiwa, hii koti si yangu. Niliazima tu."

Korti ililipuka.

Watu walicheka mpaka wakaegemeana. Mmoja wa nyuma alipiga makofi, akaomba arudie. Karani alijaribu kutafsiri akashindwa, akageukia ukuta mabega yakiruka. Hakimu mwenyewe alifunika mdomo kwa kitambaa kabla ya kuagiza watu wanyamaze.

Watiri alikuwa ndani. Kiswahili kilikuwa kinampita, kwa hiyo akamuuliza jirani yake mtoto wake amesema nini cha kuchekesha hivyo. Jirani alikuwa bado anajifuta machozi.

Wamae aliitwa. Akaapa kwamba hajawahi kuwa na koti kama hilo maishani mwake, na kwamba yeye na Moffat wanajuana tu kwa kukaa benchi moja. Waliowahi kumwona nalo walikuwa wengi mle ndani. Hakuna aliyesimama. Ukisimama, utaulizwa ulijuaje, na kesho utakosa mahali pako.

Akabaki Mama Kahiga.

Watiri alimwendea nyumbani, akampigia magoti jikoni. Yule mama akamwinua, wakalia pamoja, akasema yeye ni mtu wa kanisa na hawezi kuacha mtoto wa mwenzake aoze jela kwa jambo analolijua. Ataeleza alivyoshona. Salamu hizo zilipofika rumande, Moffat alilala usingizi wake wa kwanza.

Siku ya ushahidi wake Mama Kahiga alikuja na mtoto mgongoni. Akashika Biblia, akaapa. Moffat hakuwa na wakili, akauliza mwenyewe.

"Mama Kahiga, hiyo kifungo nyeupe ni nani alishona?"

Alikitazama kifungo. Alikitazama sana, mpaka hakimu akamkumbusha kwamba ameulizwa swali. Akainua macho kuelekea mlangoni, alikosimama mumewe. Wamae alimtazama yeye na mtoto. Alisimama tu.

Hapo mtoto akaanza kulia. Mama Kahiga akamzungusha mbele, akampa ziwa palepale mbele ya hakimu, na bila kuinua uso akajibu.

"Mimi sijui hiyo koti."

Hakimu alivua miwani.

Ilikuwa miaka saba na viboko juu yake. Viboko vilipigwa, na aliyevipiga hakuwa na haraka. Watiri alikufa kabla kifungo hakijafika nusu, akazikwa na majirani. Moffat aliambiwa baadaye, siku ya kugawiwa uji, na mtu aliyedhani anajua tayari.

Alipotoka alipitia ile hoteli. Kijana mwingine alikuwa amesimama kati ya meza, mikono nyuma, midomo inatetemeka. Anamwigiza yeye. Watu walikuwa wakimnunulia mandazi.

Moffat akaondoka akaenda Naro Moru, akawa mbeba mizigo wa wapanda mlima, na kifua kile kile. Hakuoa. Nani angempa binti?

Mzee alipofika hapo aliniuliza mama yangu alikufa lini. Nikamwambia. Akatikisa kichwa kama mtu anayefunga hesabu.

"Alikuja jela kuniona, mara moja tu," alisema. "Akaniambia hawezi kuniomba msamaha, lakini wewe amekubatiza jina yangu. Nikamwambia jina si blanketi."

Aliinuka, akapangusa vumbi la viazi.

"Nilitaka tu kuona kama inakutoshea."

Akaenda zake. Sikumfuata. Nikafunga kibanda.

Jina langu la nyumbani ni Kahiga. La ubatizo ni Moffat. Mtoto aliyelia mgongoni siku ile, akamaliza maisha ya mtu kwa kutaka maziwa, ni mimi.

Baba hakuwahi kuniita Moffat hata siku moja. Mtu akilitaja jina hilo mezani, alikuwa anainuka na kutoka nje. Mimi miaka yote nilidhani hapendi majina ya kizungu.

Jioni hiyo nilikwenda kwake. Wamae bado yupo. Ni mzee wa kanisa anayeheshimiwa, anaitwa kusuluhisha kesi za watu, na nilimkuta karibu na moto, blanketi magotini. Njia nzima nilikuwa nimepanga nitakayomwambia. Nilitaka alie. Nilitaka akane, nipate sababu ya kupiga kelele.

Nikasema tu, "Baba, leo nimekutana na Moffat."

Hakuniuliza Moffat yupi. Alichukua kijiti akasogeza kuni vizuri, akavuta blanketi.

"Bado anakohoa?"

Ndiyo hiyo. Sina cha kuongeza kuhusu baba yangu, na chakula chake bado napeleka kila siku, kwa sababu ndivyo mama alivyonilea.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Neno langu mimi ni dogo. Ukienda kortini kuwacheka wenzako, kwanza tazama umevaa nguo ya nani. Na siku ya baridi kali mtu akikuvulia koti lake, muulize yeye mbona hasikii baridi.