Kikombe cha Kushoto

Mama Sponji hakurithi kitu. Kibanda alichofanyia kazi alikinunua kwa mchomeleaji mmoja aliyekuwa ameishiwa, na hata hapo hakukurupuka. Alisubiri mvua za kwanza zipige, ndipo akaenda. Wakasimama ndani wawili hao, wakitazama maji yakichuruzika juu ya mashine ya kuchomelea. Mchomeleaji alipotaja bei, Mama Sponji akanyoosha kidole juu tu, kwenye bati. Waliafikiana kabla mvua haijakatika.

Hivyo ndivyo alivyojijenga. Makochi, viti vya magari, viti vya kusubiria wagonjwa: alifumua, akabadilisha sponji, akavisha upya. Hakuna mteja aliyetoka pale akijisifu kwamba amempunja. Alikuwa mashoto. Bunduki ya kupigia pini aliishika kwa mkono wa kushoto, karibu na shavu, maana hivyo ndivyo jicho lake lilivyouona mshono vizuri. Kompresa iliyoipa bunduki upepo nayo ilikaa kushotoni kwake, ikinguruma kutwa, miaka nenda miaka rudi. Mafundi wa jirani walilalamikia kelele zile. Yeye aliwaambia wahame.

Hedifoni zilimjia kwa mlango wa nyuma. Mteja mmoja alileta za kwake, kubwa, mito ya masikio imechakaa inapukutika kama ukoko wa sufuria. Mama Sponji akashona mito mipya, akazivaa ili kujua kama zinaziba vizuri, mteja akawasha muziki kwenye simu. Besi, sauti ile nzito ya chini, ikaja. Haikupita masikioni, ilipanda kifuani moja kwa moja, mithili ya mtu anayesukuma kabati chumba cha pili. Akazivua taratibu, akamwonyesha mteja ufa kwenye utepe wa chuma unaopita utosini, akamwambia hizi hazimalizi mwaka. Ufa ulikuwepo kweli. Kwamba angeweza kuuziba kwa ribiti mbili, hilo hakulitaja. Mteja akamwachia hedifoni, akaondoka na mto wa kiti cha jikoni badala yake, na shukrani juu.

Tangu siku ile alikuwa amenasa. Vikombe vya plastiki vilivyobeba spika akaviona vinatetemeka, akataka vya mbao. Na mbao alikuwa nazo karibu, kwa sababu nusu ya kibanda aliikalia shemeji yake, mume wa mdogo wake, mwenye mashine ya kukereza. Alitengeneza miguu ya meza, nguzo za ngazi, mipini ya kila kitu. Alikuwa pale kwa ajili ya ndoa, si kwa ajili ya ufundi, na Mama Sponji hakumwachia asahau. Akipitisha chai alisema, "Karibu chai, mpangaji wa bure."

Shemeji alichukua mguu wa kitanda cha kale, mbao nyekundu nzito, akakereza vikombe viwili, akavipiga msasa mpaka vikawa laini kama ndani ya shavu. Mama Sponji akafunga spika, akajaza sufi nyuma yake, akatoboa tundu dogo la kupumulia, akavisha mito ya ngozi halisi. Mito ile ndiyo iliyokuwa fahari yake. Aliikata kwa umbo la kichwa chake mwenyewe, minene nyuma, myembamba mbele, ya kulia mbali na ya kushoto mbali, kama viatu.

Jumapili mchana alizipeleka kwa Kinyozi. Nyuma ya saluni ile palikuwa na benchi na kioo kikubwa, na hapo walikutana watu wa besi: Kinyozi mwenyewe, Msoma Mita wa umeme, na wengine waliokuja na kwenda. Kila mmoja na hedifoni zake alizozichokonoa nyumbani. Waliziweka mezani, zikapita kichwa hadi kichwa, na za mwisho kabisa zilifika kwa Mama Sponji. Yeye akisema "imekubali," mwenyewe alitembea wiki nzima kifua mbele. Akisema "haijakubali," mtu alirudi kwenye bisibisi. Sikio lake ndilo lilikuwa mizani ya benchi lile, na alilijua hilo.

Baadaye besi ya kushoto ikaanza kupungua.

Alianza na waya. Akaubadilisha, wa kulia kushoto, wa kushoto kulia. Kushoto bado kunanong'ona. Akahamisha spika vilevile. Kushoto palepale. Mito alishona yeye, kwa hiyo haikushukiwa. Kilichobaki ni mbao.

"Shemeji, hiki kikombe hakina pumzi."

"Vyote nimevitoa kwenye mguu mmoja wa kitanda, shemeji."

"Basi mguu huo ulikuwa na upande mzuri na upande wako."

Shemeji akakereza kingine. Kushoto kukawa kulekule. Kuna jambo moja tu ambalo Mama Sponji hakulifanya, na ni lile ambalo kila mwenye hedifoni za bei ya chee hulifanya bila kufikiri: kuzigeuza kichwani, ya kushoto ikae kulia. Lakini za kwake zilikuwa na mito ya kushoto na ya kulia. Nani anayejaribu viatu kwa kuvibadilisha miguu?

"Nakupa kikombe cha tatu," alimwambia shemeji. "Kikinishinda hiki, unahamisha mashine yako."

Mdogo wake alikuja jioni ile, akakaa juu ya marobota ya sponji. "Dada, kwa ajili ya hedifoni?"

"Kwa ajili ya ufundi mbovu. Leo ni kikombe, kesho ni mguu wa meza ya mteja wangu."

"Ana mashine moja na mimi. Atakereza wapi?"

"Barabara ni ndefu," alisema Mama Sponji, akaendelea kukata ngozi.

Shemeji hakubishana. Hilo lilimshangaza Mama Sponji kidogo. Siku zile alikuwa na tabia ya kuja kusimama karibu na kompresa, fagio mkononi, hata kama imezimwa, na kila akisimama pale, mshonaji aliyekaa mkabala, mwanamke mwembamba waliyemwita Uzi, alikuwa anauma midomo.

"Unacheka nini wewe?"

"Kikohozi, Mama."

"Kanywe maji. Mshono unapinda."

Akadhani shemeji anakunja sura nyuma ya mgongo wake. Mtu aliyekaribia kufukuzwa lazima ajiburudishe na kitu.

Kikombe cha tatu kilipokuja, Mama Sponji hakutaka kungoja. Akachukua drili, akapanua tundu la kupumulia la kushoto. Akachomoa sufi karibu yote. Upande wa kulia akafanya kinyume, akashindilia sufi kama mtu anayefunga mzigo wa safari. Akavaa. Kidogo bado. Akapanua tena, akashindilia tena. Halafu, siku moja, akafumba macho, besi ikasimama katikati ya kichwa chake, sawasawa, bila kuegemea popote. Akakaa vile mpaka wimbo ukaisha.

"Imekubali?" aliuliza shemeji. Alikuwa amehamia kulia.

"Imekubali kwa mkono wangu. Mbao yako nimeitibu kama mgonjwa. Jumapili nawaonyesha, Jumatatu unahama."

"Naweza kuja Jumapili?"

"Njoo. Ukajifunze."

Saluni ilijaa siku hiyo. Kinyozi akamaliza kichwa cha mteja wa mwisho, akapangusa mikono, akazipokea hedifoni kwa heshima kama mtu anayepokea mtoto mchanga. Akazivaa. Akaruka, akaziondoa.

"Mama, huku kushoto umeweka nini? Jenereta?"

"Acha masihara."

Msoma Mita akazijaribu. Kichwa chake kiliinama upande mmoja, kana kwamba mtu amemning'inizia mfuko wa saruji sikioni. "Upande mmoja wanabomoa nyumba," alisema, "upande wa pili wako kwenye mtihani."

Kicheko kikapita benchi zima. Mama Sponji hakutikisika. "Masikio yenu yamelelewa na redio za kibandani. Vaeni vizuri."

"Hebu kaa," alisema Kinyozi. Akamkalisha kwenye kiti cha kunyolea mbele ya kioo, akamvisha, lakini akazigeuza. Cha kushoto kikakaa kulia.

"Mito imegeuka, huwezi kupima hiv—"

Besi ikampiga sikio la kulia kama mlango uliosukumwa na upepo. Mpaka meno yaliisikia. Na kushoto hapakuwa na kitu. Si kunong'ona. Palikuwa patupu kama kiti ambacho abiria ameshuka. Akauelekeza mkono upande ule, akabonyeza kikombe kichwani. Patupu. Alikuwa amebadilisha waya, spika, sufi, tundu, na mbao mara mbili. Kilichosalia hakifunguki kwa bisibisi.

Akazivua. Alijaribu kupata muda, kama anavyofanya mteja anayetaka kupunguziwa. "Nina mafua," alisema.

Kinyozi akamsogelea. Kazi yake yote ni kuzunguka masikio ya watu. Akachukua mkasi, akausimamisha kushoto kwa kichwa cha Mama Sponji. Kwenye kioo aliuona ukifunguka na kufunga, ukifunguka na kufunga, bila mlio. Akauleta kulia: chakachaka, chakachaka. Akaurudisha kushoto, na mlio ukakatika kama uzi.

"Unausikia hapa?"

Mama Sponji alikuwa anatazama kitu kingine kiooni. Shemeji alikuwa amesimama kushoto kwake, karibu kabisa, mikono nyuma, na midomo yake inacheza. Nyuma yake watu walikuwa wameziba vinywa kwa viganja. Mmoja alishatoka nje kwenda kucheka.

"Anasema nini?"

Msoma Mita alimhurumia, au hakuweza kujizuia. "Anasema, shemeji, uso wako ni kiti cha basi kilichokaliwa na abiria wote."

Shemeji akazunguka, akaja kulia, akainama kwa adabu. "Nimekuwa nakwambia hivyo kila siku, shemeji. Na mengine. Uzi ni shahidi."

"Ulijua."

"Nilikuita siku moja umezima kompresa, kushotoni kwako, kwa sauti ya chini. Nikasema chai tayari. Nikasema mwizi. Nikasema kibanda kinaungua. Kwa moto hukugeuka, ndipo nikajua."

"Na ukanyamaza."

"Ningesema, ungesema ni mbao."

Hapo kicheko kilikoma, maana kila mtu pale alijua kwamba ni kweli. Mama Sponji akafikiri kidogo. Angeweza kusema vikombe havikuwa na kosa. Vitatu vyote vilikuwa vizuri, hata cha kwanza. Neno hilo lilikuwa mdomoni na lisingemgharimu chochote. Lakini aliona pia atakavyofanya kazi kuanzia kesho: huyu kushoto, fagio mkononi, na yeye asijue.

"Jumatatu iko palepale," alisema.

"Mama," alisema Kinyozi, "si umeona mwenyewe mbao haina kosa?"

"Sijasema ina kosa. Nimesema ahame."

Alisimama, akajikung'uta nywele za mtu mwingine zilizobaki kwenye kiti. Mezani hedifoni nyingine zilikuwa zinapita, za Msoma Mita, alizozisuka waya upya. Zilitoka kichwa hiki zikaenda kichwa kile, zikafika kwa mtu aliyekaa jirani na Mama Sponji, naye akazivua, akaona aibu, akazirudisha alikozitoa. Hakuna aliyemwuliza kama imekubali. Akachukua za kwake, akaondoka.

Jumatatu mdogo wake alikuja na watu wa mkokoteni. Wakainyanyua mashine ya kukereza kwa magogo, wakaisukuma nje. Kwenye sakafu palibaki alama ya mraba, na vumbi jekundu la mguu wa kitanda. Shemeji alibeba patasi zake kwenye kitambaa, akapita bila kutazama kompresa. Mama Sponji alikuwa anapiga pini kwenye kiti cha gari. Hakusimamisha bunduki.

Mdogo wake ndiye aliyerudi ndani. Alisimama kushoto kwa dada yake. Hakusahau, alichagua. Alinyoosha shingo mpaka pumzi yake ikagusa shavu, akaongea. Alisema mengi. Mama Sponji alihisi joto la maneno yale shavuni, moja baada ya jingine, na kwa jicho la pembeni aliona kidevu cha mdogo wake kinapanda na kushuka. Akaachia bunduki, akazima kompresa, akageuza kichwa ili asikie. Mdogo wake akafunga mdomo, akatoka.

Uzi alikuwa ameinamia cherehani, mguu haukanyagi.

"Kasema nini?"

"Amesema kwaheri, Mama."

"Kwaheri ndefu hivyo?"

"Ndefu, Mama."

Mama Sponji alimtazama usoni kwa muda, vile anavyomtazama mteja anayedai hana zaidi ya hapo. Uzi hakuinua macho. Huyu naye alikuwa amekohoa sana siku zile. Lakini mshono wake ulikuwa mnyoofu, na wa kumbadilisha hapatikani kirahisi.

"Simama," alisema. "Tunahamisha meza."

Waliisukuma wawili hao, mpaka ukutani, mpaka kushoto kwa Mama Sponji kukabaki mwanya mwembamba na bati tu, nafasi ya mtu kusimama haipo. Cherehani ya Uzi akaiweka kulia, mbele kidogo, anapoweza kuona midomo. Kompresa haikuwa na pa kwenda. Akairudisha kushoto, kati yake na bati, mahali pake pa siku zote.

Akaiwasha. Akaokota bunduki kwa mkono ule ule, akaisogeza shavuni.

"Ukitaka kusema kitu," alimwambia Uzi, "utasemea hapo ulipo."

Uzi akaitikia kwa kichwa, akakanyaga cherehani.