Kikapu cha Bogonko

Nyumba za laini, kambi ya wafanyakazi wa shamba, zilijengwa mbili mbili, ukuta mmoja katikati, ndiyo maana mimi Tecla nilijua mambo ya Elmina kabla hajaniambia. Upande wangu mume wangu alipasua kuni za kiwanda. Upande wao Bogonko, mume wa Elmina, alichuma chai na kukohoa. Ilikuwa mwaka wa 1956, katika shamba la mzungu mmoja karibu na Kimulot.

Walikuja kutoka Kisii wakiwa na nguvu zao. Mwaka wa kwanza walinunua mbuzi wawili wakawapeleka nyumbani. Mwaka wa pili wakauza mmoja, mwaka wa tatu yule mwingine, na pesa zote zikaishia kwenye dawa za kifua. Sasa sukari ilikuwa imesahaulika. Chai tuliyoichuma kutwa nzima waliinywa kwa chumvi. Usicheke, hata sisi hatukuwa mbali na hapo.

Kilichobaki kuwashikilia ni kipande cha Bogonko, kadi yake ya kazi. Aliyefikisha ratili zake alipigwa alama kwenye kipande jioni. Asiyefikisha, jasho lake lilikuwa la bure. Kipande kikijaa ndipo mtu alipata mshahara, posho ya unga na nyumba ya kulala. Elmina naye alichuma, lakini wanawake tulikuwa vibarua tu, malipo nusu, na hakuna nyumba iliyoandikwa kwa jina la mwanamke hata kama ndiye aliyeikandika. Bogonko akiachishwa, yeye, Elmina na watoto wao wangelala barabarani.

Basi Elmina akawa anachuma mistari miwili, wake na wa mumewe. Bogonko alichuchumaa kati ya michai, ukungu ukimficha, akichuma kidogo pumzi ikimruhusu. Mke alijaza kikapu hiki, kisha kile. Wachumaji wote tuliona na tukanyamaza.

Nilimwambia Elmina, "Mama Kwamboka, mficha maradhi kilio kitamuumbua. Peleka huyu mzee hospitali."

"Akienda kulala hospitali," akanijibu, "nani atalala kwa hii nyumba?"



Wakati wa kiangazi hila hiyo iliwezekana, maana majani yalikuwa machache na ratili zilizotakiwa chache pia. Halafu mvua ndefu zikaja. Michai ikachipuka kwa fujo, na nyapara wetu Kipsang akapandisha ratili. Watu wakafurahia mvua. Elmina aliiogopa. Usiku nilimsikia akigeuka geuka kitandani, akimwuliza mumewe kama amelala.

Sasa, chai haishindiliwi. Hata mtoto wa laini anajua hilo. Jani likibanwa kikapuni linapata joto, linakuwa jekundu, na kiwanda hakilitaki. Ndiyo sababu tulipanda mlima kwenda kwenye mizani mchana, tukapanda tena jioni. Lakini Bogonko alikuwa hawezi kuupanda mara mbili. Siku hiyo Elmina, kwa kumhurumia, alishindilia majani ya kutwa nzima katika kikapu cha mumewe, ngumi juu ya ngumi, ili apande mara moja tu. Chake mwenyewe alikiacha wazi kama inavyotakiwa.

Jioni vikapu viwili vilikuwa chini, kimoja kando ya kingine. Kipsang akaingiza mkono kwenye kile kilichoshindiliwa, akautoa haraka.

"Hii imeiva kabisa," akasema. "Ni ya nani?"

Aliyeleta jani lililoungua alifukuzwa kuchuma. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria. Bogonko akafungua mdomo, kikohozi kikamtangulia.

"Ni yangu," Elmina akasema. "Ile nzuri ni ya mzee."

Heri nusu shari kuliko shari kamili. Kipsang akamwambia Elmina asikanyage tena kwenye michai, kisha akampigia Bogonko alama. Akaongeza, "Bogonko, fundisha bibi yako kuchuma." Nilitamani kumvisha kile kikapu kichwani.

Usiku ule Elmina alikuja kwangu kuomba moto, na nusura atabasamu. Nyumba ilikuwa imepona. Nikamwuliza, "Na kesho nani atachuma?"

Alinitazama na kijinga cha moto mkononi. Naapa hakuwa amelifikiria. Sisi wa laini tulizoea kulinda jina lililoandikwa, maana ndilo lililoitwa siku ya mshahara. Mikono haikuitwa.

Kesho yake alishinda mlangoni akitazama mlima. Nilipotoka kazini nilikaa naye, kwa sababu nilimwogopea. Bogonko alirudi giza likiingia, midomo yake imekuwa ya kijivu.

"Kipsang ameona kikapu hakijajaa?" Elmina akauliza.

"Ameona." Alikaa kwenye kizingiti akasubiri pumzi. "Ameniuliza, jana nilichuma na mikono ya nani."

"Ukasema?"

"Nikasema ni hii hii. Akaishika, akaigeuza. Haina weusi wa chai kama ya mchumaji wa kutwa. Kipande amebaki nacho."

Elmina aliingia ndani, akawaamsha watoto, akaanza kufunga vyombo kwenye blanketi.