Mgeni Niliyemkalisha Chini

Juzi hapa ughaibuni, katika mji wa Falls Church, mjukuu wangu Neema alinisimulia hadithi waliyosoma shuleni, ya shujaa wa Wagiriki wa kale aliyerudi kwake baada ya miaka mingi, watu wa nyumbani, hata mwanawe, wasimtambue. Mtoto ana kichwa yule, na kakitoa kwangu.

"But Bibi, how? Mtu anaweza kumsahau baba yake?"

Anaweza. Mimi nilimsahau wangu.

Alikwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge mimi ningali nabebwa mgongoni. Kiti chake mama alikifuta kila siku, na hakuna aliyekikalia, hata mchungaji. Mchana mmoja, maharage yakichemka na nyumba imejaa moshi, aliingia mwanamume mwembamba, ananuka jasho na vumbi la safari. Akakivuta kile kiti.

"Hapo hapakaliwi," nikamwambia. "Ni pa baba."

"Baba yako yuko wapi?"

"Anakuja."

Akakaa chini sakafuni kama mtoto aliyekemewa. Macho yalimlowa, nami nikadhani ni moshi, nikamletea maji.

Mama aliporudi na mzigo wa majani ya ng'ombe, ulimponyoka kichwani. Alipojua nimemkalisha mumewe chini, akatafuta fimbo.

"Mwache," baba akasema. "Kumbe nilikuwa nasubiriwa."

Kifua kilimchukua kabla sijamzoea. Leo mimi ni bibi mzima, na bado namlilia mgeni yule.