Nafasi ya Mzee Balthazari

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, siku ya kiangazi, nikiwa nyuma ya pikipiki kutoka Ngara mjini kwenda Mbuba, kitenge nimekibana magotini na vumbi limenijaa mpaka kwenye kope. Nilikuwa naenda msibani, lakini si msiba peke yake ulionipeleka. Nilikuwa na shida yangu ya kazi, na nilitaka kuimaliza palepale kwenye mkeka wa wafiwa. Nakueleza mapema ili usije ukadhani nilizaliwa na busara.

Unajua kwamba muziki wa filamu za jasusi Sabina niliutunga mimi, bibi huyu unayemwona akichambua maharage. Lakini hujui ulivyoanza. Anatoli, mwongozaji wa filamu hizo, nilimfundisha kuimba kwaya pale Biharamulo akiwa mwanafunzi, na alikuwa anaimba vibaya. Akaenda Dar es Salaam akajifunza kamera. Alipopata watu wa kumsaidia kutengeneza filamu ya kwanza, alinipigia simu akasema anataka okestra nzima, fidla, filimbi, tarumbeta na ngoma kubwa, watu wakikaa ukumbini wajue hii ni filamu ya kijasusi kweli. Nikamuuliza okestra nzima ataipata wapi. Akasema tutaiokota, na kweli tuliiokota: fidla kwa masista na wanafunzi wao, filimbi kwa vijana wa makanisani, tarumbeta kwa askari wa bendi. Askari wale hawakuwa wamezoea kuongozwa na mwanamke mwenye kijiti. Waliniangalia kama mtu aliyepotea njia akaingia kambini, mpaka tulipoanza kupiga.

Shida ilikuwa moja. Jasusi ni mtu wa kunong'ona, na kila nilichotunga kilikuwa na kelele kuliko Sabina mwenyewe. Anasimama nyuma ya mlango anasikiliza siri, mimi huku nimemwekea matarumbeta. Ndipo nikamkumbuka Mzee Balthazari wa Mbuba, mpiga inanga.

Ninyi vijana inanga mmeiona kwenye maonyesho, basi. Ni ubao mrefu uliochongwa ukaachwa na tumbo kama sinia, nyuzi zimepitishwa juu yake kwenda na kurudi. Ile ya Mzee Balthazari ilikuwa ya namna ya wenzetu wa Burundi, ambako mama yake alitoka. Mpigaji haimbi, ananong'ona. Nyuzi ndizo zinazobeba wimbo, lakini ukikaa karibu, masikio yako yanaamini kwamba ni ile midomo inayoimba. Ukikaa mbali husikii kitu. Kwa hiyo anayetaka kusikia husogeza kigoda.

Nilimweleza Mzee habari za filamu. Akauliza, "Huyo msichana wenu anamsikiliza nani huko mlangoni?" Nikasema anawasikiliza maadui. Akacheka, akasema basi na watu wasogee nao wasikilize. Tukamrekodi nyumbani kwake, ubeti mmoja tu. Mkewe, mama yetu Konsolata, alikaa nyuma ya mlango akicheka chinichini kwa sababu mumewe alikuwa amevaa koti la harusi ili arekodiwe sauti. Niliupanga ule ubeti mahali Sabina anapotega sikio, kisha fidla zikaingia polepole, kisha okestra yote. Filamu ya kwanza ikapendwa. Ya pili ikapendwa zaidi. Watoto wa vijiji vya Keza na Bisibo walikuwa wakicheza mchezo wa ujasusi nyuma ya choo cha shule, mmoja anatega sikio, wenzake wananong'ona kama inanga. Watazamaji walizoea kwamba inanga ikinong'ona, Sabina atatoka salama.

Filamu ya tatu ilikuwa ngumu. Humo Sabina anasikiliza mlangoni, na anayemsikia akiuza jina lake kwa adui ni mwalimu wake mwenyewe, aliyemfundisha kazi. Tulipanga Mzee Balthazari aje kupiga upya, pamoja na okestra, ubeti mrefu kuliko wa mwanzo, ule aliokuwa akiwapigia watu wake nyumbani mpaka mwisho, nami nilikuwa nimeusikia mara nyingi. Ukumbi ulikuwa umepatikana, wapigaji wako njiani, na watu waliomsaidia Anatoli walikuwa wameanza kumuuliza kwa nini anamtumia mwalimu wa kijijini wakati mjini kuna watunzi wenye mitambo. Nilijua filamu hii ndiyo itakayoamua kama nitaendelea na kazi ile au nitarudi kufundisha watoto do-re-mi. Niliipenda kazi ile, mwanangu, sijawahi kupenda kazi nyingine hivyo.

Wiki ileile Mama Konsolata akafariki.

Kwa wazee wa kule, mke akifa mume hashiki jembe, na kama ni mpiga inanga, inanga inaegemezwa ukutani nyuzi zikiangalia ukuta. Hukaa hivyo mpaka siku ya kumaliza msiba, na msiba haumalizwi mpaka watoto wote wafike. Mtoto wao wa kwanza alikuwa ng'ambo ya mto, Burundi, na hakuna aliyejua atafika lini.

Anatoli alinipigia. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

"Pole na msiba. Lakini usihangaike, sauti ya Mzee ya filamu ya kwanza ninayo. Tunaibandika tu pale. Nani atajua?"

Nilikuwa natafuta namna ya kukubali bila kuonekana nimekubali. Mwisho nikamwambia ngoja nikamuulize mwenyewe. Ndiyo maana ya ile pikipiki.

Nilimkuta amekaa kwenye mkeka pamoja na wanaume wa ukoo, ndevu zimeota, macho yamekauka. Nikampa pole, nikakaa. Nilisubiri muda wa adabu upite, kisha nikasema maneno yangu kwa upole wote niliokuwa nao. Nikasema hatutamsumbua, hatutamgusa, hatutaomba apige, ni ile sauti yake ya zamani tu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Siku ile nilipopiga, nani alikuwa nyuma ya mlango?"

"Mama."

"Alikuwa anafanya nini?"

"Alikuwa anacheka."

"Basi," akasema, "ile ni sauti ya mtu ambaye mke wake yuko nyuma ya mlango anacheka. Mtu huyo mimi simjui alipo. Ukimweka kwenye hiyo firamu yenu leo useme ni Balthazari, utakuwa umeweka mtu mwingine."

Niliona aibu, nakuambia ukweli, aibu ya kutamani mkeka unimeze. Lakini shida ya kazi ilikuwa bado iko palepale, nikamuuliza, "Sasa nifanye nini, Mzee?"

"Unaniuliza mimi, Mama Mwalimu? Mimi niko msibani."

Akageuka akaendelea kuongea na shemeji yake habari za migomba iliyoangushwa na upepo. Hakunifukuza wala hakunikasirikia. Nilikunywa uji walionipa, nikaaga, nikapanda pikipiki.

Njiani nilimchukia kidogo. Huo nao ni ukweli. Nilisema moyoni, huyu mzee hajui kwamba ukumbi unangoja. Kisha nikaanza kuupitia ule ubeti wake mrefu kichwani, kama ninavyofanya nikiwa na mawazo, na nikagundua ninaujua urefu wake wote, mahali anapovuta pumzi, mahali anapochelewa makusudi. Tulipofika Ngara mjini nilikuwa sina jibu jingine ila kumwachia mahali pake wazi, kwa urefu uleule, na jibu hilo lilinitisha.

Siku ya kurekodi niliwaambia wapigaji kwamba mahali pa inanga hatupigi. Hatuweki kitu kingine. Tunanyamaza, mimi naendelea kuhesabu kwa kijiti, nikishusha mkono tarumbeta kubwa ianze. Askari mwenye tarumbeta hiyo akaniuliza, "Mwalimu, hapo katikati tunasubiri nini?"

"Tunamsubiri mtu."

"Anakuja?"

"Leo haji."

Akatikisa kichwa, akapangusa mdomo wa tarumbeta yake. Alikuwa mtu mzima, nadhani alielewa. Tukapiga. Tulipofika pale, ukumbi mzima ukanyamaza, na mimi nikaunong'ona ubeti wa Mzee ndani ya kifua, neno kwa neno, kijiti kikienda taratibu. Nilipomaliza neno la mwisho nikashusha mkono.

Anatoli hakufurahi. Akasema watazamaji watadhani spika zimekufa, akasema ataibandika ile sauti ya zamani na mimi nisijali. Nikamwambia, "Ukiibandika, jina langu litoe kwenye muziki wote, na ya nne utafute mtunzi mwingine." Sikupandisha sauti. Nilifunga karatasi zangu za nota nikaenda kunywa chai, na chai ile sikuisikia ladha yake. Alikaa na picha zake peke yake mpaka jioni. Alipotoka akasema, "Mwalimu, nimeiangalia bila kitu. Inaogopesha." Bila shaka iliogopesha. Watu walizoea kwamba inanga ikinong'ona Sabina anapona, na sasa inanga haipo.

Ikabaki hivyo. Nami nikabaki na kazi, na unajua nilivyoendelea.

Lakini sijakufikisha ninapotaka. Miezi kadhaa baadaye filamu ilifika Mbuba, kwenye banda la video, Jumapili baada ya misa. Mtoto wa Burundi alikuwa ameshafika, pombe ya ndizi imeshanywewa, mzee ameshanyolewa na msiba umekwisha. Alikuja banda lile amevaa koti la harusi, akakaa benchi la mbele, mimi nyuma yake. Hakuwa amebeba inanga. Sabina akasimama mlangoni, akatega sikio, okestra ikakatika. Banda likanyamaza, hata wauza karanga.

Ndipo nikamsikia. Mzee Balthazari alikuwa ananong'ona ubeti wake. Bila nyuzi haukuwa wimbo, yalikuwa maneno na pumzi tu, na tuliokuwa karibu ndio tuliosikia. Watu wa benchi la pili walisogeza vichwa. Alivuta pumzi mahali pake, akachelewa mahali anapochelewa, na aliposema neno la mwisho tarumbeta kubwa ikaingia.

Nililia, sikuficha. Nje, watu wakitawanyika, alinipa mkono akasema, "Ulinipimia sawasawa." Hakuongeza neno. Akaenda zake nyumbani kwa miguu.

Filamu ile imeonyeshwa miji mingi. Imekamilika mara moja tu, mchana mmoja, Mbuba.

Sasa wewe umekabidhiwa muziki wa filamu mpya ya Sabina, na nimekupongeza. Juzi ulikuja na kompyuta yako ukanisikilizisha mashine ikinong'ona kama Mzee Balthazari, ambaye tulimzika mwaka juzi. Inafanana, sitakudanganya. Nilisisimka mwili. Halafu nikajiuliza huyo anayenong'ona mke wake yuko wapi, na sikupata jibu, kwa hiyo sikukujibu. Leo ndiyo nakujibu.

Mwanangu, mtu akikosekana katika kazi yako, usimtafutie wa kufanana naye ili watu wasione pengo. Acha mahali pake wazi, na upapime vizuri, pawe na urefu wake yeye, si urefu wa haraka yako. Kama unataka inanga, Keza kuna kijana anajifunza. Bado anakosea, lakini anakosea kwa mkono wake. Mtungie mahali pake mwenyewe. Na ukienda kumwomba mtu kitu akakukatalia, usirudi na hasira mpaka nyumbani, iishie njiani kama ya kwangu. Wenye mali watakuambia nani atajua. Utajua wewe.

Nenda, mwanangu. Mungu akutulizie mkono pale ambapo wote wamenyamaza na kijiti ni chako. Akupe wazee wa kukukatalia. Na siku nafasi yako itakapobaki wazi, awepo mtu mmoja anayeujua urefu wake.