Damu Kwenye Dagaa

Jamani, nitasema kwa sauti kwa sababu bado nina hasira. Naitwa Minza, nauza dagaa pale Mkuyuni. Mdomo huu mnaouona uliwahi kuoza huku mwenyewe nikidhani naulinda.

Nianze na kazi yangu. Mteja wa magunia hataki maneno matupu. Unafungua gunia mbele yake, unatoa dagaa mmoja katikati, unamng'ata kwa meno ya mbele. Akikatika kwa mlio, amekauka. Akivutika, mteja anaondoka. Nimefanya hivyo tangu nikiwa binti, na meno yangu ndiyo yaliyoniletea wateja.

Ila mabaki yalikuwa yananasa katikati ya meno. Nikawa nachokonoa kwa pini niliyochomeka kwenye kilemba. Mswaki nilipiga asubuhi tu, haraka haraka, meno yanayoonekana. Siku moja nikatema mate mekundu. Nikasema, aa, mswaki huu ni mgumu. Kesho yake damu tena. Basi nikafanya ujinga ambao najua na wewe unaufanya: nikaacha mswaki kabisa ili fizi zipumzike. Nikawa nasukutua maji ya chumvi na kunyamaza.

Zipumzike wapi! Zikavimba, zikawa nyekundu, chai ya moto ikawa adhabu. Mdomo ukanuka mpaka mume wangu akawa anaongea nami uso ameuelekeza dirishani. Jino moja la mbele, la chini, likaanza kucheza.

Hapo ndipo akaja Mama Koku, mteja wangu mkubwa anayepeleka dagaa Bukoba. Nikang'ata dagaa kama kawaida, nikampa aone alipokatika. Damu! Mama Koku akamweka chini taratibu. "Minza, leo acha kwanza," akasema. Akahamia meza ya jirani.

Siku hiyo hiyo wifi yangu Kabula, tunayeuza naye sokoni, akawa ameshanipima kwa ulimi wake. "Ana virusi yule," akawaambia wenzetu, "hamwoni na kukonda amekonda?" Nisikonde vipi, chakula sitafuni! Na hata ningekuwa navyo, nilistahili hospitali, si umbea. Hakuna aliyeniambia niende. Hata mmoja! Wakaniletea muuza dawa mwenye kipaza sauti, akanipa unga wa kijivu nisugue. Siku tatu tu, ngozi ya fizi ikababuka. Nililia kama mtoto.

Nikaenda hospitali nimefura. Daktari wa meno alikuwa binti mdogo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Akaniuliza maswali. Una mimba? Unavuta sigara, unaweka ugoro? Unameza dawa za kufanya damu iwe nyepesi? Matunda na mboga za majani unakula? Akanituma nikapime sukari na virusi. Vyote sina. Ndipo akanipa kioo. Nyuma ya meno kulikuwa na gamba la njano, gumu.

"Huu ni ugaga, mama. Ni uchafu ulioachwa mpaka ukaganda. Wadudu wake ndio wanaovimbisha fizi. Ulipoona damu ulifanyaje?"

"Niliacha mswaki, fizi zipone."

Akashusha pumzi. "Wengi wanaokaa kwenye kiti hiki wananiambia hivyo hivyo. Fizi ikitoa damu ndiyo inataka kusafishwa."

"Yaani nimejiumiza mwenyewe?"

"Hukuambiwa, mama."

Sikuambiwa! Shuleni nilikariri mito na milima yote, fizi hakuna aliyezitaja.

Aliukwangua ule ugaga mara mbili. Jino lililocheza halikupona, akaling'oa. Mengine yakashika, na baada ya wiki chache damu ikakoma.

Mama Koku alipopita tena nilimwita mwenyewe. Nikang'ata dagaa kwa meno ya kando ya pengo. Akamgeuza huku na huku, akamchunguza. "Nifungie gunia," akasema. Karibu nimkumbatie.

Alipoondoka, Kabula akanifuata nyuma ya meza, ameziba mdomo kwa khanga. "Wifi," akanong'ona, "hata mimi damu inatoka. Siku nyingi."

Nilitaka kumtukana, nawaambia ukweli. Lakini nikamshusha khanga mdomoni, nikaona fizi nyekundu kama zangu zilivyokuwa.

"Mswaki umeacha?"

Akaitikia kwa kichwa.

Nikamshika mkono, nikaacha gunia wazi, tukaenda hospitali. Njia nzima nilimfokea, na ninyi nawafokea vile vile. Pigeni mswaki laini, asubuhi na kabla ya kulala, taratibu, mpaka pale jino linapokutana na fizi, na nyuma yake pia. Katikati ya meno tumieni uzi wa meno, pini tupeni. Ugoro acheni. Kuleni mapera na machungwa. Damu ikija tena na tena, nendeni kwa daktari wa meno, msingoje jino licheze.

Namshukuru Mungu kwa meno yaliyobaki, na kwa yule binti daktari. Kabula hakung'olewa hata moja. Akicheka sokoni meno yote yanaonekana, nami nafurahi, halafu hasira inanipanda upya. Pengo langu lisingekuwepo kama mtu mmoja tu angenifokea mapema.